Programu ikifa bila kusema neno

Programu yako imekufa, umefungua dibaga (chombo cha kuchunguza programu ilikofia), na mahali pa majina ya funksheni umekuta alama za kuuliza tupu. Mimi siku za mwanzo nilikuwa narudi kusoma msimbo wote kuanzia juu. Usinifuate huko.

Uliza kwanza: imeanguka au imeuawa? Kwenye Linux andika echo $? mara tu inapokufa, upate namba iliyofia nayo. Ukipata 137, yaani 128 jumlisha 9 (namba ya ishara ya kuua), dibaga haina cha kukuonyesha kwa sababu programu imepigwa kutoka nje. Mara nyingi aliyeipiga ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, RAM ilipokwisha. Pitia dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, utakuta imekiri. Ukipata 139 (128 na ishara ya 11), programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Niliwahi kuhangaika na programu ya C ya biti 32 iliyokuwa ikifia kwenye anwani 0x6f706972. Hakuna funksheni inayokaa huko. Nilishaiita takataka, hadi nilipoisoma baiti moja moja kwenye jedwali la ASCII, linalolinganisha namba na herufi: o, p, i, r. Kwenye kumbukumbu baiti hizo hukaa kinyumenyume, kwa hiyo ni r, i, p, o. Ripo! Faili nililokuwa nafungua liliitwa ripoti. Jina la folda na la faili vilikuwa vimeunganishwa kwa strcat (funksheni ya C ya kuunganisha maandishi) ndani ya bafa, yaani nafasi ya muda ya kumbukumbu, ya baiti 64, vikafurika, vikafuta anwani ambayo funksheni ilipaswa kurudi. Ndiyo maana dibaga ilipotea njia: ramani ambayo iliitegemea ilikuwa imefunikwa na maandishi mengine.

Usiiamini sana printf, funksheni ya C ya kuchapisha maandishi. Matokeo yakielekezwa kwenye faili, maandishi husubiri kwanza kwenye bafa, na programu ikianguka yanapotea nayo. Mstari wa mwisho unaouona si lazima uwe mahali ilipofia. Andika kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa, ambayo haisubiri.

Tena kuna ule mtego wa kuongeza printf moja, programu ikapona. Usishangilie, umesogeza tu vitu kwenye kumbukumbu na uharibifu sasa unaangukia pasipouma. Iondoe, ujenge upya kwa kuipa kompaila vigezo -g na -fsanitize=address (cha pili hukagua kila mguso wa kumbukumbu), uiendeshe na data ileile iliyoiua. Itakwenda polepole, lakini itasimama pale baiti ya 65 inapoandikwa.