Usimpe fundi hiyo laptopu kwa kuamini "data zipo D"

Mkuu, kesho usiende. Umesema laptopu ina prosesa ya i5 kizazi cha 6, Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu 14 Oktoba 2025, unajiuliza upige Windows 11, uhamie Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) au ununue nyingine. Sawa. Lakini umemalizia kwamba fundi kakuhakikishia data zipo D, ile sehemu ya diski iliyo pembeni ya C, hazina shida. Hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi. Nina kiduka cha steshenari: barua, kadi za harusi, mitihani ya shule mbili. Kazi za miaka sita zilikuwa D. Fundi akasema Windows inakaa C, D haiguswi. Muongo mkubwa! C na D zilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja, diski ileile imekatwa vipande. Windows 11 ilipomgomea, bwana yule akafuta vipande vyote "ili iingie safi". Kanirudishia mashine inang'aa kama sinia la posa, ina C peke yake. Namuuliza D iko wapi, ananijibu, "Kwani ilikuwa na vitu?" Na hela yake alikuwa ameshachukua.

Sasa nicheke kabla hamjanicheka: bakapu nilikuwa nayo! Usiku wa kuamkia siku hiyo nilinakili kila kitu kwenye flashi. Sekunde chache tu, tayari. Nikaisifia flashi kwa kasi. Kumbe nilibeba zile ikoni za kwenye skrini zenye kamshale pembeni, kila moja KB 2. Yaani nilitunza anwani za nyumba, nyumba zenyewe zikabomolewa.

Nikakimbilia kwa mtu wa kurejesha data. Kaitazama, kaniuliza kama diski ni SSD, zile za kisasa zisizozunguka. Ndiyo. Akatikisa kichwa: SSD ikishafutwa, mashine huiamuru isafishe nafasi hizo, si kama diski za zamani ambazo mabaki huokoteka. Mitihani tukaichapa upya usiku kucha, na mwalimu mkuu mmoja mpaka leo salamu yangu anaipokea kwa kope.

Kwa hiyo, mkuu: nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ICHOMOE, ipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, UFUNGUE mafaili. Usitazame majina tu. Fungua picha, fungua ile barua ndefu ushuke hadi ukurasa wa mwisho. Fundi asishike bisibisi kabla ya hapo.

Hayo mengine ni madogo. Kwa Windows 11 Microsoft wanataka prosesa ya kizazi cha 8 na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), kwa hiyo huyo fundi atakuingizia 11 kwa mlango wa uani. Kama huna haraka, jiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya nyongeza ya Windows 10. Yanafika 13 Oktoba 2026. Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kugusa diski, ila siku ya kuiweka ukichagua kufuta diski nzima, D nayo inakwenda. Inakwenda kabisa!

Ukishafungua hayo mafaili kwa jirani, piga picha ya skrini uiweke hapa. Hiyo D yako imeninyima usingizi.