Duara linafutika nikipanua dirisha

SWALI: Najifunza Java. Nimeweka JPanel (paneli ya kuchorea) ndani ya JFrame (dirisha), nikaita getGraphics() na kuchora duara kwa drawOval. Halikuonekana. Rafiki akaniambia niweke Thread.sleep(500), yaani programu isubiri nusu sekunde, kabla ya kuchora, likaonekana. Ila nikivuta kona ya dirisha, duara linafutika. Niongeze muda, au nichore upya kila sekunde?

JIBU: Lolote kati ya hayo ni kupaka rangi juu ya kutu, ndugu yangu. Duara lako la kwanza lilichorwa kabla Swing (maktaba ya Java inayochora madirisha) haijachora dirisha, nayo ilipochora ikalifunika kwa rangi ya usuli. Ulipoweka sleep ulichora baada ya hapo, basi. Dirisha likibadilika ukubwa Swing inachora tena, na duara linafunikwa tena.

Wengi hudhani paneli ni karatasi: ukishachora, wino unabaki. Paneli haikumbuki duara lako. Linapaswa kukumbukwa na objekti, na Swing ikitaka kuchora, iikute.

Andika klasi Duara yenye x, y na kipenyo, pamoja na methodi yake ya kujichora. Orodha ya maduara ikae kwenye paneli yako mwenyewe, ndani yake kukiwa na paintComponent, methodi ambayo Swing huiita kila inapochora:

class Turubai extends JPanel {
  List<Duara> maduara = new ArrayList<>();
  @Override
  protected void paintComponent(Graphics g) {
    super.paintComponent(g);
    for (Duara d : maduara) d.chora(g);
  }
}

Ukiacha mstari wa super, duara likisogea litaburuta mkia wa michoro ya zamani. Ukiacha @Override kisha ukakosea herufi moja ya jina la methodi, msimbo utakubaliwa kimya kimya na hakuna kitakachochorwa. Kumbuka pia kwamba x na y za drawOval ni kona ya juu kushoto ya mraba unaolizunguka duara. Ukitaka kitovu, toa nusu ya kipenyo.

Kulisogeza duara, badilisha x kisha ita repaint(). Hiyo haichori papo hapo, inaacha ombi tu, na maombi yakirundikana huunganishwa. Mwendo uupe javax.swing.Timer ya milisekunde 16, karibu mara 60 kwa sekunde. Usithubutu kuweka sleep ndani ya paintComponent: uzi (thread) unaochora ndio unaopokea mibofyo ya kipanya, kwa hiyo dirisha zima litaganda.

Hii dawa ya sleep inagawiwa kama njugu, na hata kwenye Tkinter, maktaba ya madirisha ya Python, utaikuta. Kule Canvas (eneo la kuchorea) kweli inakumbuka maumbo, kwa hiyo kosa ni la upande wa pili: watu huita create_oval kila hatua badala ya move, maumbo yanajazana hadi programu inakuwa nzito, halafu wanashauriwa wabadilishe muda wa kusubiri! Anayekupa namba ya milisekunde bila kukueleza nani anachora na lini, anakubahatishia. Nusu sekunde iliyotosha kwenye kompyuta yako huenda isitoshe kwenye inayokwenda polepole zaidi.