Ukitaka kumsaidia mwanamke wa kisiwani, anza na siri yake

Dada zangu mnaoniuliza namna ya kufanya kazi ya haki za wanawake kwenye jamii ndogo, haya niliyapata Vanuatu, nilipokuwa najitolea Port Vila, mji mkuu. Nchi hiyo ya Pasifiki ina visiwa zaidi ya 80, na vingi havina hakimu. Askari wa karibu huenda ni binamu wa mume, mwenye boti ni shemeji. Ukimwambia mwanamke aliyevimba jicho aondoke kesho, kijiji kizima kitajua kabla hajafunga mzigo. Muulize kwanza nani amemwona akija kwako, na nani humchukulia simu yake.

Sokoni Port Vila, wauzaji karibu wote ni wanawake. Nilimwona mteja mmoja, mwanamke, kaulizia bei ya magimbi, akaondoka, akarudi kuulizia bei ileile. Mama muuzaji hakumhoji. Alisogeza kikapu, akamkaribisha nyuma ya meza wafunge mboga mafungu mafungu. Maneno yalitoka baadaye sana, wote wameinamia mboga. Mpe mtu kazi ya mikono, usimkazie macho.

Vanuatu Women's Centre, kituo cha kutetea wanawake kilichoanza mwaka 1992, kimeweka kamati za kujitolea vijijini, za watu wanaoishi hukohuko. Hiyo ndiyo njia, kwa sababu mgeni wa mjini huondoka na boti. Na kazi ipo: utafiti wa kitaifa wa kituo hicho wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa asilimia 60 ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mpenzi walishafanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono naye.

Sheria nayo ijue vizuri. Sheria ya Kulinda Familia ya mwaka 2008 inatamka kwamba kulipa mahari si utetezi kwa mume anayeshtakiwa kwa ukatili wa nyumbani. Sisi tuliokulia kwenye mahari tunajua uzito wa maneno hayo. Yaseme kwa Bislama, lugha inayowaunganisha watu wa huko, polepole, na wanaume wakiwepo.

Machifu usiwakwepe, bila wao hutaingia kijijini. Ila kesi ya mtu usiipeleke kwao bila ruhusa yake. Nimeona suluhu za kulipana nguruwe na mikeka zikimalizwa baina ya koo mbili, mwenye maumivu hajaulizwa neno. Hilo linaniuma mpaka leo. Kama anataka suluhu ya mila, sawa, lakini awepo aseme mwenyewe anachotaka, na ajue kwamba mlango wa mahakama haujafungwa.

Kwenye daftari la kesi andika namba, si majina, na lisilale kwenye nyumba yenye wageni wengi. Tenga pesa ya nauli ya dharura mapema, kwa sababu meli ikifika haitasubiri michango.