Zima hiyo DMZ kabla hujalala

Unauliza bei za kumpigia dada yako Marekani kwa simu ya intaneti, halafu eti sauti ikisikika upande mmoja tu, dawa ni kulipia IP ya umma (anwani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti) na kuiweka adapta ya simu, kile kidude kinachounganisha simu ya mezani na intaneti, kwenye DMZ ya ruta? Na umeshalipa? Ndugu yangu, maneno hayo hayo niliuziwa na fundi mmoja wa Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, pamoja na adapta ya mtumba.

DMZ maana yake ni kwamba chochote kinachobisha kutoka nje, ruta inakielekeza moja kwa moja kwa adapta. Ni kung'oa geti kwa sababu kengele haisikiki. Ukurasa wa mipangilio ya adapta uko humo humo, na paswadi ya ile yangu ilikuwa bado "admin". Anayeingia hapo haigusi simu yako. Anachukua jina na paswadi ya akaunti ya SIP (SIP ndiyo lugha ya simu za intaneti), anaziweka kwenye kompyuta yake, anaanza kupiga.

Dalili nilikuwa nazo. Saa tisa usiku simu inalia, kioo kinaonyesha 100, ukipokea kimya. Usiku mwingine 1001. Mke wangu akataka kujua huyo 100 ni nani na mbona hapigi mchana. Fundi akaniambia, "Ni network tu, bosi." Network gani! Zile ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikibisha poti 5060, mlango wa kawaida wa SIP, zikitafuta kifaa cha SIP kitakachoitikia. Changu kiliitikia kwa adabu zote.

Wikendi moja wakaanza kazi, maana wikendi hakuna anayetazama akaunti. Walipiga namba za ng'ambo za bei ya juu, zile ambazo kila dakika ina fungu la mwenye namba. Akaunti yangu ilikuwa inajiongezea salio kutoka kwenye kadi ya benki, kwa hiyo ikawa inaisha, inajijaza, inaisha, inajijaza, na mimi niko shags kwenye harusi nakula pilau. Kampuni ya simu hizo ikanijibu: simu zimepigwa kwa jina lako na paswadi yako, deni ni lako. Na fundi hapatikani kwa simu hadi leo. Huyo ndiye mwenye faiwoli ya kweli Nairobi hii.

Shida yako ni NAT, yaani ruta inaficha vifaa vyote vya nyumbani nyuma ya anwani moja, na sauti inayorudi inapotea njia. Zima SIP ALG kwenye ruta (inachezea ujumbe wa SIP na mara nyingi kuuharibu), kisha kwenye adapta washa STUN (inaiwezesha adapta kujua anwani yake ya nje) na keep-alive (inazuia njia isijifunge). Adapta yenyewe ndiyo hutoka kwenda kujisajili kwa seva ya kampuni, na simu zinazoingia hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hakuna poti ya kufungua, hata moja! Ikiwa adapta ina kisanduku cha kupokea ujumbe wa SIP kutoka kwa seva yako tu, weka tiki. Badilisha paswadi zote, hata ya akaunti, na uiambie kampuni ifunge simu za ng'ambo isipokuwa za Marekani kwa dada yako.

Halafu zima waifai kwenye simu yako, tumia bando, andika ile IP yako kwenye kivinjari. Ukurasa wa adapta ukifunguka, chomoa waya kwanza ndipo urudi hapa kuuliza mambo ya bei.