Maswali na Majibu: Kuzuru Nyumba ya Wahenga Kijijini Hahoe, Korea Kusini

Swali: Ninakwenda Andong kimasomo na ningependa kuzuru nyumba ya wahenga iliyoko Hahoe. Anayeenziwa humo ni nani?

Jibu: Bila shaka unaulizia sadang (nyumba ya kuwaenzi wahenga wa ukoo) ya Chunghyodang, makao ya uzao wa Ryu Seong-ryong (1542–1607), waziri mkuu wa Joseon, ufalme wa Korea wa zama hizo, wakati wa vita dhidi ya Japani vya mwaka 1592 hadi 1598, ambaye ndiye aliyempendekeza Yi Sun-sin, shujaa wa vita vya baharini. Kwa desturi, kibao cha mbao kinachowakilisha marehemu hutunzwa katika sadang kwa vizazi vinne, kisha huzikwa penye kaburi lake. Lakini mtu ambaye wema na utumishi wake umetambuliwa hupewa hadhi iitwayo bulcheonwi, na kibao chake hakiondolewi tena, hata vipite vizazi vingapi. Ryu ni mmoja wao. Jina Chunghyodang lina maana ya ukumbi wa uaminifu kwa mfalme na utiifu kwa wazazi, nalo jengo lilisimamishwa na wanafunzi na wazao wake baada ya yeye kufariki. Naomba ulikumbuke hilo utakapokuwa uani, kwa sababu fahari unayoiona ni heshima aliyopewa na waliobaki.

Swali: Je, nitaruhusiwa kuingia ndani?

Jibu: Usitarajie hivyo. Sadang hufunguliwa kwa ibada za ukoo, na siku nyingine mgeni huona ukuta na paa tu. Hahoe iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2010, lakini bado ni kijiji chenye wenyewe, kwa hiyo lango lililofungwa lisisukumwe na vyumba vya watu visipigwe picha. Ukibahatika kualikwa, ingia kwa upande wa mashariki na utoke kwa magharibi, maana njia ya katikati ni ya roho za wahenga.

Swali: Mimi ni Mkristo. Je, kuinama mbele ya vibao hivyo si kuabudu mizimu?

Jibu: Swali lako limewahi kugharimu uhai wa watu. Mwaka 1791 Mkatoliki Yun Ji-chung aliuawa baada ya kuchoma vibao vya wahenga wake na kukataa kumfanyia mama yake ibada za kimila. Mwaka 2014 Papa Francis alimtangaza mwenyeheri. Hata hivyo, tangu mwaka 1939 Vatican inawaruhusu Wakatoliki kushiriki ibada hizo kama heshima kwa wazazi, ilhali Waprotestanti wengi wa Korea hawainami, bali huwakumbuka wazee wao kwa sala. Mgeni halazimishwi, kusimama kwa utulivu kunatosha.

Swali: Nitenge muda gani?

Jibu: Tenga siku nzima, ili ufike pia Byeongsan Seowon, chuo cha kale kilicho karibu, ambako Ryu anaenziwa vilevile, na uketi kidogo mbele ya ukumbi wa Mandaeru unaotazama mto Nakdong.