Chalenji ya API: fremuweki haitakuangusha, majibu ya seva ndiyo yatakuangusha

Mkuu, umeuliza uanze na fremuweki (kiunzi cha kuandikia programu) ipi kati ya Django ya Python, Laravel ya PHP au Express ya JavaScript kwa hiyo chalenji ya API (mlango ambao programu nyingine hutumia kuomba na kutuma data kwenye seva) ya orodha ya kazi yenye usajili wa watumiaji. Chukua ile ambayo lugha yake tayari unaiandika bila kuchungulia pembeni, basi. Nimekagua kazi nyingi za namna hii na sijaona aliyeangushwa na fremuweki.

Wanaanguka kwenye majibu ya seva. Ukituma data safi kila kitu kinaenda. Sasa tuma uchafu uone: jina tupu, tarehe ambayo haipo kwenye kalenda, JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) isiyofungwa mabano. Seva inatapika 500 (namba ya jibu inayosema seva imekosea), au mbaya zaidi inarudisha 200 (namba ya mambo sawa) yenye ujumbe wa kosa ndani. Hii ya pili inaniudhi kuliko zote, maana programu iliyotuma ombi huangalia namba kwanza. Ikiona 200 inajua mambo yamekubali. Kosa la aliyetuma ni la 400 hadi 499, kosa lako wewe ni la 500 na kuendelea. Umetengeneza kitu kipya, jibu 201. Hajajitambulisha, 401.

Usajili nao una mtego. Wengi huandika hivi: tafuta barua pepe kwenye kanzidata, isipokuwepo, ingiza. Ukijaribu kwa mkono inakubali kila mara. Lakini maombi mawili yakigonga kwa pamoja, yote yanatafuta, yote yanakuta haipo, yote yanaingiza, na mtu mmoja ana akaunti mbili. Hata ukirundika "if" kumi hutaliziba tundu hilo. Weka sharti la UNIQUE (thamani isijirudie) kwenye safu ya barua pepe, acha kanzidata yenyewe ikatae ya pili, kisha udake hilo kosa na kujibu 409 (mgongano). SQLite (kanzidata inayokaa kwenye faili moja tu) inatosha kabisa kwa hili, usijitwishe mzigo wa seva ya kanzidata kwa ajili ya chalenji.

Nenosiri lipitishe kwenye bcrypt au Argon2, njia za kuligeuza kuwa heshi, yaani alama zisizorudishika kuwa nenosiri. Na ukimrudishia mtumiaji taarifa zake, chagua safu za kurudisha. Ukimwaga mstari mzima wa jedwali, heshi ya nenosiri inatoka nayo.

Kupima, anza na curl -i, amri ya kutuma maombi kwa seva ukiwa kwenye terminal. Inakuonyesha namba ya jibu na vichwa vyake (taarifa zinazotangulia jibu) bila mapambo. Fungua akaunti mbili, tengeneza kazi kwa ya kwanza, tuseme imepewa namba 7, kisha ingia kwa ya pili uombe /kazi/7. Ikifunguka, umekagua kama mtu ameingia ila hukukagua kama kazi ni yake. Jibu 403 (huruhusiwi), ila mimi napendelea 404 (haipo), ili asijue hata kama hiyo kazi ipo. Rudia jaribio hilohilo kwa PATCH (ombi la kubadilisha) na DELETE (la kufuta), kwa sababu wengi hufunga GET (la kusoma) tu na kuacha mlango wa kufuta wazi.