Krisanthemu zinazorudi kila mwaka: panda Mei, siyo Septemba

Dada uliyeuliza kwa nini maua ya krisanthemu unayonunua kila vuli, mwezi wa Septemba, huko Ohio hayarudi theluji ikiisha, pole. Mimi hapa Minnesota, kaskazini zaidi mwa Marekani, nilizika za miaka mitatu mfululizo kabla sijagundua kosa langu. (Mlioko nyumbani, vuli ninayoisema siyo ya mvua. Huku ni pale majani yanapopukutika na bustani nzima inageuka kahawia, ndiyo maana watu wanakimbilia maua haya.)

Zile za Septemba zimelelewa ili zichanue siku ya kuuzwa. Ukizitia ardhini wakati huo, nguvu zote ziko kwenye maua na mizizi haina muda wa kutambaa. Mwaka wa tatu nilichomoa moja mwezi wa Aprili, ikatoka na udongo wake wote ukiwa bado na umbo la chungu cha dukani, kama ugali uliogeuzwa kwenye sahani. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umetoka nje ya lile bonge. Ardhi ikiganda na kuyeyuka, ikaganda tena, bonge la namna hiyo husukumwa juu, na mizizi ikishapigwa na upepo wa Januari hapo umeshapoteza.

Nunua miche midogo Mei, jalidi (ule umande unaoganda usiku) ikishakwisha, uipande penye jua la saa sita au zaidi na pasipotuama maji. Mboji au samadi iliyooza inatosha kuanzia. Mimi nimebahatika na aina ya Mammoth, iliyotoka Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako wamekuwa wakizalisha krisanthemu za kustahimili baridi kwa miongo mingi. Kichaka kimoja hufika karibu mita moja, kwa hiyo usiibananishe. Sisi huku jalidi huweza kuingia mapema Oktoba, na aina inayochelewa hufa ikiwa bado tumba. Wewe una nafasi zaidi: Sheffield Pink, ambayo kwangu ingekuwa hasara, kwako inaweza kuchanua vizuri.

Mche ukifika kama sentimita 15, bana ncha ya kila shina kwa kucha, juu kidogo ya jani. Rudia kila baada ya wiki mbili tatu hadi mwanzo wa Julai, kisha acha kabisa. Mara ya kwanza roho iliniuma, lakini kila ncha unayoikata huzaa matawi mawili au zaidi. Usipokata utapata vijiti virefu vinavyolala chini mvua ya kwanza ikipiga. Na ncha hizo usizitupe: toa majani ya chini, zichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Nusu ya bustani yangu imetokana nazo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mwaka mmoja kichaka kilichokuwa karibu na gereji kilichanua upande mmoja tu. Upande wa barabarani kilikuwa chekundu tele, upande wa ukutani majani matupu, kijani kibichi. Nilimwaga mbolea, nikamwagilia, wapi. Kumbe juu yake ilikuwapo taa ya usalama inayowaka usiku kucha. Krisanthemu huanza kutunga matumba usiku unapokuwa mrefu. Ukiimulika gizani, inadhani bado ni kiangazi, majira ya usiku mfupi. Nilizima taa hiyo mwaka uliofuata na kichaka kikachanua pande zote.

Mama alipokuja kutoka Molo, Kenya, Septemba ile, alisimama mbele ya maua akauliza, "Hii pareto mnampelekea nani?" Kwa mtu aliyechuma na kuanika pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, miaka yote, kupanda maua ya kutazama tu ni mzaha. Hakukosea sana, ni mimea ya ukoo mmoja. Ila msijaribu kutengenezea hizi dawa ya wadudu, na mwenye mbwa au paka awazuie wasizile, zinawadhuru.

Baridi ikianza, usifyeke mashina. Najua yanaonekana vibaya, mume wangu hulalamika kila mwaka, lakini hunasa theluji na majani, na hilo ndilo blanketi la mizizi. Ardhi ikishaganda, ongeza nyasi kavu au matawi ya msonobari. Ukifunika mapema mno unawatengenezea panya nyumba. Aprili usikate tamaa ukiona vijiti vikavu. Fukua kidogo na kidole pembeni mwa shina kuukuu, ndipo machipukizi yanapotokea. Baada ya miaka miwili au mitatu, gawanya: chukua ya pembeni, katikati palipogeuka kuni tupa.

Kabla hujachimba shimo lolote, hebu tuambie taa ya mlangoni kwako inamulika upande gani.